Sauti inayokauka kila adhuhuri

Mwanangu, umesema unafundisha watoto sitini hapo Malindi, sauti inakukauka kila adhuhuri tangu Ramadhani, na mwalimu mkuu anakuona huna bidii. Pole sana. Huo si uvivu.

Angalia mwenendo wake. Sauti inayoamka safi kisha ikachakaa kadiri unavyosema, inayokatika ukiipandisha, au inayokulazimisha kukohoakohoa, mara nyingi ni ya nyuzi za sauti zilizochoshwa. Zikigongana kwa nguvu siku nenda siku rudi, huweza kuota vinundu, kama sugu kiganjani mwa mvuvi avutaye jarife, ule wavu mkubwa. Mimi nilifundisha Lamu miaka mingi. Siku moja nilimwita mwanangu pale pale uani, ikatoka pumzi tupu. Hapo ndipo nilipoogopa, na nilikuwa nimechelewa.

Usikimbilie kunong'ona, nako huchosha koo. Kunywa maji mara kwa mara, na piga makofi au kengele badala ya kupaza sauti. Tangawizi na asali hupoza koo, lakini haviondoi vinundu.

Mkwaruzo ukizidi wiki nne, na wako umeshazidi, muone daktari wa masikio, pua na koo azichungulie nyuzi zenyewe. Ukimeza kwa taabu, ukikohoa damu au ukiona uvimbe shingoni, nenda kesho. Ulimi ukiwa mzito ghafla au uso ukapinda, huenda ni kiharusi: hospitali saa ile ile.

Ukitoka kwa daktari, omba barua umpelekee mwalimu mkuu.