Je, ni chozi wa Amani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi asubuhi nilikuwa ukingoni mwa Msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede, nikaona kindege kikirukaruka kichakani, usawa wa kifua changu. Mgongo na koo ni kijani cha kung'aa, tumbo njano, na kifuani ana mstari mwembamba wa zambarau. Jirani yangu anashikilia kwamba ni chozi wa Amani, yule adimu. Ni kweli?
Msomaji, Gede

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo ni chozi, ila si wa Amani. Ni dume la aina nyingine ya chozi, iitwayo kisayansi Hedydipna collaris, na ule mstari wa zambarau ndio uliomfichua. Jike lake hana mstari. Njano yake huanzia kooni moja kwa moja. Nafurahi kwamba ulimtazama kifua, maana wengi huishia kusema "kijani" na mimi nabaki sina la kujibu.

Chozi wa Amani hana njano tumboni. Dume ana kichwa na koo vya kijani kilichokolea hadi kwa mbali ukadhani ni cheusi, na tumbo jeupe. Jike ni wa kijivu mgongoni, mweupe chini. Jina amelipata Amani, kule Usambara Mashariki, Tanzania, na kwetu Kenya hupatikana humo humo Arabuko-Sokoke.

Hata pale ulipomwona pananipa jibu. Chozi wa Amani hupenda miti ya mirihi, ile inayoota kwenye mchanga mweupe katikati ya msitu, tena juu kabisa vileleni. Kichaka cha ukingoni ni cha huyu wako, anayeokota wadudu na kunyonya maua popote pale.

Mara ya kwanza kumwona wa Amani nilisimama chini ya mrihi tangu alfajiri, shingo imekakamaa, mpaka likapita kundi la ndege mchanganyiko. Dume mmoja akainua mabawa, na kwapani vikachomoza vishungi viwili vya rangi ya chungwa, kama makaa yaliyopulizwa. Sijamsahau mpaka leo.

Kwa hiyo beba darubini, uwahi mirihini kabla ya saa mbili asubuhi. Na kile kichaka chako kichunguze pia, lakini kwa mbali: ukiona kifuko cha nyasi na utando wa buibui kinaning'inia, chenye mlango ubavuni, basi jike yumo kazini.