Pima Mwaka kwa Mwezi Wake Mgumu

Kila inapokaribia Krismasi, Moshi hujaa watu waliokuja kupumzika na, bila kukusudia, kupimana. Wachagga waliotawanyika kila kona ya nchi hupanda kurudi Marangu, Machame, Rombo na Kibosho, na katika siku hizo chache za mtori, ndafu na mbege kila mmoja hutathminiwa kwa kile kinachoonekana: amekuja na gari gani, ameanza kujenga au bado, watoto wake wanasoma wapi. Sikilaumu sana kipimo hicho, kwa sababu ndugu anayekuona mara moja kwa mwaka hana kingine cha kutazama. Ninachokilalamikia ni kwamba wengi wetu tunakibeba kipimo hichohicho na kukitumia tunapokaa peke yetu kuutafakari mwaka, tukajiona tumefanikiwa au tumeshindwa kwa vitu ambavyo mgeni angeviona akiwa mlangoni.

Ushauri wangu ni kwamba mtu anayetaka kujua kama kweli amebadilika atafute mwezi uliomlemea kuliko mingine yote, kisha ajiulize ni mambo gani aliendelea kuyafanya ndani ya mwezi huo. Miezi mizuri haina ushahidi wowote. Februari, jua linapowaka na mifuko imeanza kupata nafuu baada ya mahitaji ya shule ya Januari, karibu kila mtu ni mwenye nidhamu.

Mwaka ninaoutumia kama mfano ni wangu mwenyewe. Nilirudi Moshi mwezi Januari, wakati wenzangu walipokuwa wakipigania tiketi za kurudi Dar es Salaam, nikaacha ajira ya uhasibu ili niwe karibu na mama anayeishi Kibosho, nikapanga nyumba Pasua na kuanza kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, wengi wao wakiwa wauza mitumba wa Kiboriloni. Nilijiwekea mambo kadhaa: kutembea kila asubuhi kabla ya kazi, kununua hisa katika kikundi cha kuweka na kukopa, kusoma kwa ajili ya mtihani wa Novemba wa bodi ya wahasibu, na kushinda kwa mama kila Jumapili. Hadi Machi yote yalikwenda vizuri, na kama ningeandika makala haya wakati huo ningewashauri watu kwa kujiamini kupita kiasi.

Hapo ndipo ilipokuja Aprili. Anayeufahamu mlima Kilimanjaro anajua masika ya huku yalivyo: mjini mvua inanyesha, lakini Kibosho inanyesha maradufu, bodaboda hazipandi, na watu wa juu wanapoacha kushuka sokoni wauza mitumba hawauzi, na wasipouza hawamlipi anayewatunzia hesabu. Mama alilazwa katika wiki hizohizo. Nilihama kutoka kuishi kwa mpango hadi kuishi kwa siku, na kwa hiyo ukurasa wa Aprili ndio ninaoutazama ninapotaka kujua nilipata nini mwaka ule.

Lakini usitegemee kumbukumbu kukuonyesha mwezi wako mgumu. Kumbukumbu ya Desemba hupakwa rangi na sikukuu, au na ugomvi wa mwisho mliokuwa nao nyumbani. Mimi niliapa kuwa mwezi mgumu ulikuwa Januari, kwa sababu ya kuhama. Nilipopitia ujumbe wa miamala ya simu ndipo nikaona ukweli: Januari nilitumia fedha nyingi, ila nilizitumia kwa mpangilio, ilhali Aprili imejaa vijisenti vya dawa, nauli za usiku, na mikopo midogo ya simu iliyochukuliwa na kulipwa ndani ya siku chache. Kwa hiyo pitia kumbukumbu zilizojiandika zenyewe bila wewe kujipendezesha: miamala, daftari la kikundi, kadi ya kliniki, picha zilizomo kwenye simu na tarehe zake. Ikiwa kuna mwezi mzima ambao hukupiga picha hata moja, uanzie hapo.

Baada ya kuupata mwezi, swali linalofuata ni nini kilibaki. Kwangu kutembea asubuhi kulipungua lakini hakukufa, kwa kuwa njia ya kwenda wodini ilikuwa ya miguu. Kusoma kulikufa kabisa. Kununua hisa hakukukatika, ingawa kutoka hisa tano nilishuka hadi moja, na jambo hili lilinishangaza kuliko yote, kwa maana fedha ndizo zilizokuwa haba. Maelezo yake yapo katika namna vikundi hivi vinavyoendeshwa. Mtindo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991, na umeenea Afrika kwa sababu ni mwepisi kuuelewa: wanachama hukutana kwa siku maalumu, kila mmoja hununua hisa kati ya moja na tano, fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, anayekopa huruhusiwa hadi mara tatu ya akiba yake, na mzunguko unapokamilika kila mtu hugawiwa chake pamoja na faida. Asiyefika hutozwa faini. Asiyefika mara mbili hufuatwa nyumbani, na kwa akina mama wa Pasua kufuatwa nyumbani si maneno ya kutisha tu.

Nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba nimekuwa mtu wa kuweka akiba, kumbe akiba iliendelea kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakinisubiri, na mfuko wa jamii wa kikundi hichohicho ndio ulionisaidia gharama za mwanzo za hospitali. Mtihani wa uhasibu, ambao nilikuwa nikijisomea peke yangu usiku, haukuwa na mtu wa kuuliza umefikia wapi. Kwa hiyo kabla hujausifu utashi wako au kuulaani uvivu wako, chunguza kila jambo lilikuwa limeshikwa na nani pamoja nawe. Ukikuta yaliyodumu yote yana watu ndani yake na yaliyokufa yote ulikuwa nayo peke yako, huo ndio mchoro wa kupangia mwaka unaokuja, na una faida kuliko kuandika azimio lilelile kwa herufi kubwa zaidi.

Wapo wanaokata tamaa mapema mno. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja ndogo kila mmoja, kama vile kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya mlo wa jioni. Kwa wastani tabia ilihitaji siku 66 kufikia hali ya kujiendesha, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254, na kuikosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Ukihesabu kuanzia Januari mosi, siku 66 zinakufikisha mwanzoni mwa Machi, yaani mvua zinapokaribia kuanza, na siku 254 zinakufikisha Septemba. Aliyetangaza mwishoni mwa Januari kwamba ameshindwa alitangaza kabla mambo hayajaanza. Na kwa wakazi wa mlimani kuna jambo la ziada: tabia inayokomaa Machi inaingia kwenye mtihani wake mkubwa ikiwa bado changa. Sioni kinachomzuia mtu kuanza mwaka wake Julai, kukiwa kukavu na baridi. Serikali yenyewe huanza mwaka wake wa fedha Julai mosi, na watu wa Makunduchi kule Unguja huukaribisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wao wa jadi, mwezi huohuo, wakichapana kwanza kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie uwanjani.

Si kila kilichokosa kuonekana ndani ya mwaka kimeshindwa, na hapa ndipo kipimo changu kinapohitaji uangalifu. Katika kihamba cha mama, yaani shamba la ukoo, tuling'oa sehemu ya mibuni iliyozeeka na kupanda miche ya aina zilizotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, ambazo zinastahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mche kama huo huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kuanza kuzaa, hivyo anayekuja Krismasi kuutazama ataona kijiti chenye majani na matandazo tu. Yapo mabadiliko ya mtu yanayokwenda kwa mwendo huo, kama kupatana na ndugu mliyeachana kwa kesi ya mpaka wa shamba, kulea mtoto aliyezoea kufokewa, au kupona baada ya kuachika. Namna ya kutofautisha kinachochelewa na kilichokufa ni kuangalia kama kuna kazi iliyofanyika juu yake. Ile miche ilipaliliwa na kufunikwa matandazo kabla ya kiangazi, tena na mdogo wangu ambaye kwa muda mrefu alikuwa hakanyagi kihambani kwa sababu ya manung'uniko ya urithi. Kazi ilifanyika, kwa hiyo nasubiri. Juu ya mtihani wa uhasibu hapakuwa na kazi yoyote tangu Aprili, na vitabu vyenyewe nimemwazima binti wa jirani. Nimelifuta jambo hilo kwenye mipango ya mwaka ujao na sioni haya. Mtu anayebeba azimio moja kutoka mwaka hadi mwaka bila kuligusa anajitwisha mzigo wa aibu asiouhitaji, na ruhusa ya kuutua anayo mwenyewe.

Kuna maswali ambayo daftari haliwezi kuyajibu, na hayo yanamhitaji shahidi. Usimwulize anayekuja sikukuu, bali yule aliyekuwepo katika mwezi wenyewe, na usimwulize kama umebadilika, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Mwulize ulikuwaje. Nilimwuliza wifi yangu, ambaye tulipokezana zamu wodini, nilikuwaje Aprili. Alifikiri kidogo akaniambia, "Wifi, ulikuwa huongei, lakini ulikuwa unafika." Sehemu ya pili ya jibu lake ilinifurahisha. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyonipa kazi, na mwaka huu tumekubaliana kwamba mambo yakikaza mmoja wetu atampigia mwenzake simu jioni hata kama hakuna habari mpya.

Nimekuwa nikizungumza kana kwamba kila mtu anapaswa kuupima mwaka wake, na sivyo. Aliyefiwa mwaka huu, hasa aliyezika mzazi, mwenzi au mtoto, asipimwe kwa kipimo hiki wala kingine chochote. Mwezi wake mgumu haujaisha, hata kama kalenda imegeuka mara kadhaa tangu tanga lianuliwe. Ukikutana naye nyumbani Desemba hii usimwulize mipango yake ya mwakani wala usimpe mfano wa fulani aliyesimama haraka. Mwulize analalaje, na nani anamsaidia watoto shule zinapofunguliwa, kisha kama una uwezo mnunulie sare na madaftari kabla bei hazijapanda wiki ya kwanza ya Januari.