Mgonjwa akitaka kutoa, mwache atoe

Nyumba yenye mgonjwa wa figo haikosi washauri. Kila apigaye hodi ana lake, na wengi lao ni moja: mgonjwa alale, aache shughuli za watu. Mimi naishi na shangazi yangu hapa Likoni, Mombasa, tangu figo zake zilipogoma, na kwa hilo sikubaliani nao.

Shangazi husafishwa damu mara mbili kwa wiki, kila mara muda wa saa nne hivi kwenye mashine. Alfajiri tunavuka feri kwa miguu, kisha tuktuk hadi hospitali. Kabla hatujafika ng'ambo ameshajua nani amefiwa na mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo. Tangu bima ya afya ya serikali, SHA, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, kazi yake nyingine ni kuwasukuma wazee wa mtaani wajisajili, na asiyejua kubonyeza simu huletwa kwangu.

Lakini wodini ndipo utamjua. Anayeanza mashine huja midomo imekauka kwa hofu, maana sindano zile ni nene. Shangazi hupandisha mkono wa buibui akamwonyesha mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji, umevimba kuanzia kifundoni kwenda juu. "Shika, mwanangu. Wasikia unavyonguruma? Ukinguruma hivyo ni mzima." Na kweli unanguruma, utausikia kwenye vidole. Baada ya hapo humfundisha viazi: menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga yale maji ili potasiamu, madini yanayowadhuru wa figo, ipungue, ndipo upike. Ni yaleyale ya mtaalamu wa lishe, ila yakisemwa na mtu mwenye sindano mkononi husikika zaidi.

Sasa, nyumbani mnafanyaje na mtu wa namna hii? Mimi nimeamua kumwondolea uzito na kumwachia wema wake. Mkono wenye mshipa wa mashine haubebi kikapu, wala haupimwi presha. Akitaka kumpelekea jirani mzazi mahamri, nakanda mimi, nakaanga mimi, yeye anakaa kitini akilalamika kwamba iliki haitoshi. Wakati wa kubeba nabeba mimi, yeye anatangulia na salamu.

Siku pia zina hesabu yake. Siku ya mashine hurudi hana nguvu hata ya kuvua viatu, kwa hiyo wageni na safari tunaviweka siku inayofuata. Hilo jaribuni hata kama mgonjwa wenu si mtu wa watu.

Kisha kuna wakopaji. Mgonjwa mkarimu huvutia watu wa kila aina, wakiwemo wanaojua tarehe ambayo wanawe humtumia pesa. Yeye hawezi kusema hapana, basi nasema mimi, mlangoni, kabla hawajaketi. Mtaani naitwa mkali, na jina hilo nimelikubali.

Jambo la madafu ndilo linalonichekesha na kunitia hofu kwa pamoja. Huku kwetu kumtazama mgonjwa ni kumletea dafu na ndizi mbivu. Vyote viwili vina potasiamu nyingi, na figo zisipoitoa hujaa kwenye damu, ikaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Isitoshe, maji yote anayokunywa kwa siku yanapimwa. Wakati wa joto la kaskazi utamkuta ana kipande cha barafu mdomoni, nacho kimehesabiwa, huku akimmiminia mgeni glasi ya pili ya sharubati. Dafu hulipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Mgeni akipinda kona, linakwenda kwa vijana wa boda.

Nampenda kwa hilo, lakini sipendi wanaomsifu bila kupumua, eti haumwi huyu, huyu ni chuma. Anaumwa. Kuna siku hugeukia ukutani asitake kusemeshwa, na kuna siku hunigombeza kwa chumvi ambayo sikuitia. Siku hizo nakaa na simu yake, anayepiga naambia amelala. Mtu akishaitwa chuma, huona haya kusema amechoka.

Kwa hiyo ukija kumtazama mgonjwa wa figo, waulize kwanza wa nyumbani anaruhusiwa nini. Ukikosa wa kumuuliza, leta nauli ya tuktuk.