Maswali ya Wasomaji: Nani Aamue Juu ya Nikabu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika mdahalo wa chuoni kwetu nilipewa jukumu la kutetea haki ya mwanamke wa Kiislamu kuvaa nikabu, ingawa mimi mwenyewe hujitanda mtandio tu na sifuniki uso. Mpinzani wangu alisema kwamba hakuna mwanamke anayejifunika uso kwa hiari yake, kwamba wote wamelazimishwa na waume au baba zao, na kwa hiyo serikali inayopiga marufuku vazi hilo inawakomboa. Nilikosa la kumjibu. Je, hoja yake ina uzito?

JIBU: Dada msomaji, hoja hiyo ina uzito kwa upande mmoja tu, nao ni kwamba wapo wanawake wanaolazimishwa, na anayelikana jambo hilo hasemi kweli. Nchini Afghanistan, amri iliyotolewa na utawala wa Taliban mwezi Mei 2022 iliwataka wanawake wafunike uso wanapokuwa hadharani, na vitisho vya adhabu vikaelekezwa hata kwa ndugu zao wa kiume. Sheria ya Iran haidai uso ufunikwe, lakini inalazimisha kufunika nywele, na kifo cha Mahsa Amini mwezi Septemba 2022, baada ya kukamatwa na polisi wa maadili, kiliwatoa watu wengi barabarani kuipinga.

Mpinzani wako, hata hivyo, ameruka kutoka “wapo” hadi “wote”, na hapo ndipo ungembana. Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza kufunika uso hadharani mwaka 2010, ikaanza kutumika Aprili 2011, na mara tu ilipoanza kutumika raia mmoja wa nchi hiyo aliipeleka mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Aliieleza mahakama kwamba hakuna mtu yeyote wa familia yake aliyemshurutisha, kwamba havai nikabu kila siku, na kwamba yuko tayari kuonyesha uso wake palipo na ukaguzi wa usalama. Alishindwa kesi hiyo Julai 2014, lakini sababu za kushindwa kwake ndizo zinazostahili kusomwa kwa makini na kila anayeingia katika mdahalo huu. Mahakama ilikataa hoja ya usawa wa kijinsia, ikisema kwamba serikali haiwezi kuutumia usawa huo kukataza jambo ambalo wanawake wenyewe wanalitetea. Ikaikataa pia hoja ya utu, na kuhusu usalama ikaona kwamba marufuku ya jumla imepita kiasi. Kilichobaki kuiokoa sheria ile ni hoja moja tu, ile ya watu “kuishi pamoja”, yaani kwamba kuonana nyuso ni sehemu ya maisha ya jamii, na majaji wawili kati ya 17 hawakukubaliana nayo. Mimi niko upande wa hao wawili, kwa sababu sioni ni vipi mtu anasaidiwa kuishi na wenzake kwa kutozwa faini anapotoka nje.

Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikichunguza malalamiko ya wanawake wengine wawili waliohukumiwa kwa sheria hiyohiyo, iliamua kwamba Ufaransa ilikiuka haki zao, na ikaonya kwamba marufuku ya namna hiyo inaweza kuwafungia wanawake majumbani badala ya kuwalinda.

Sasa itazame sheria yenyewe, maana ina sehemu mbili ambazo wabishi wengi huzichanganya. Sehemu moja inamtoza mvaaji faini isiyozidi euro 150. Nyingine inamwadhibu anayemlazimisha mtu mwingine kufunika uso, kwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 30,000, na adhabu hiyo huongezeka maradufu ikiwa aliyelazimishwa ni mtoto. Hii ya pili ningeiunga mkono mahali popote duniani. Ile ya kwanza inajipinga yenyewe: kama mwanamke amelazimishwa, anatozwa faini kwa kosa la mumewe na huenda asiruhusiwe tena hata kutoka mlangoni, na kama hakulazimishwa, basi hakukuwa na wa kukombolewa. Mwulize mpinzani wako anawazungumzia wanawake wa kundi lipi kati ya hayo mawili.

SWALI: Mimi si mpinzani wa dini ya mtu, lakini najiuliza kuhusu usalama. Benki, mahakama na vyumba vya mitihani vitamtambuaje mtu asiyeonekana uso? Na mwalimu je?

JIBU: Hofu yako ni halali, na sidhani kama kuna mtetezi makini wa nikabu anayeipuuza. Mwaka 2015 Chad ilipiga marufuku kufunika uso baada ya mashambulizi ya kujitoa mhanga katika mji mkuu, na Sri Lanka ikafanya hivyo mwaka 2019 baada ya milipuko ya siku ya Pasaka. Lakini haja ya kumtambua mtu ni ya dakika chache na ya mahali maalumu: afisa wa kike, chumba cha faragha, uso unafunuliwa na kulinganishwa na picha ya kitambulisho, kisha mambo yanaendelea. Haja hiyo haimfuati mwanamke sokoni wala bustanini.

Mahakamani pana ugumu zaidi, kwa kuwa mshtakiwa naye ana haki ya kuona jinsi shahidi anavyomshuhudia. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ambamo mlalamikaji wa shambulio la kingono aliomba kutoa ushahidi akiwa na nikabu, ilikataa kusema “ndiyo” kwa kesi zote na ikakataa vilevile kusema “hapana” kwa zote, bali ikawataka majaji wapime kila kesi peke yake. Kuhusu mwalimu, shule inayomwomba afunue uso anapofundisha tu, kwa kuwa wanafunzi wadogo hujifunza matamshi kwa kutazama midomo, inatoa sababu inayohusiana na kazi. Inayomkataza kuivaa hata anapopita langoni haina sababu hiyo.

SWALI: Nimesikia masheikh wakisema nikabu si faradhi. Kama si faradhi, serikali ikiikataza imeingilia dini kwa vipi?

JIBU: Ni kweli kwamba wanazuoni wamekhitilafiana. Wengi katika madhehebu ya Hanafi na Maliki wanauona uso kuwa si uchi, yaani si sehemu ya mwili inayolazimika kufunikwa, ilhali wengi miongoni mwa wanazuoni wa Kihanbali, na baadhi ya Mashafii, wanauhimiza au kuuwajibisha ufunikwe mbele ya wanaume wasio maharimu. Pande zote mbili zinarejea aya za Surat an-Nur na Surat al-Ahzab, na wote wanaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari inayomkataza mwanamke aliyehirimia, yaani aliyeingia katika ibada ya Hija au Umra, kuvaa nikabu na glavu. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alipokuwa mkuu wa al-Azhar, taasisi kuu ya elimu ya Kiislamu nchini Misri, mwaka 2009, aliikataza nikabu katika madarasa ya wasichana pekee, na akapingwa vikali na Waislamu wenzake.

Khitilafu hiyo ni ya kujadiliwa misikitini na madrasani, kwa hoja. Serikali haina cheo cha mufti. Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 kinalinda uhuru wa kudhihirisha imani na kinakataza mtu kushurutishwa katika imani yake, bila kuweka sharti kwamba kwanza wanazuoni wawe wamekubaliana. Kifungu hichohicho kinamkinga mwanamke wa Kabul na mwanamke wa Paris.

SWALI: Binti yetu ana miaka 22 na ameanza kuvaa nikabu. Mimi na baba yake hatukulelewa hivyo na tunaogopa atakosa kazi. Tunayo haki ya kumkataza?

JIBU: Mama, mnayo haki ya kumweleza hofu yenu yote, pamoja na hiyo ya kazi, ambayo ni ya kweli. Muulizeni amejifunza kwa nani, anasoma nini, na je, kuna mchumba au rafiki aliyemwekea sharti. Akijibu kwamba kuna aliyemwekea sharti, mazungumzo yenu yahamie kwa huyo mtu na mumsaidie binti kusimama. Akijibu kwamba ni uamuzi wake, umri wake unatosha kuufanya, na mkimvua kwa nguvu mtakuwa mmemfanyia jambo lilelile mnaloogopa mwanamume fulani asimfanyie.