Albamu ya chaneli sita, lakini risiva inaandika DTS tu

Swali: Fundi, nimepata toleo la miaka 40 la In the Court of the Crimson King la bendi ya roki King Crimson, lenye CD na DVD-Audio (DVD ya muziki wa ubora wa juu). Deki yangu ya DVD imeungwa kwenye risiva kwa waya wa optiko. Kasha linataja MLP (sauti iliyobanwa bila kupoteza kitu) ya biti 24 na kHz 96, ila menyu haina MLP na risiva inaandika DTS (sauti iliyobanwa kwa kupoteza sehemu). Spika za nyuma nazo zinasikika kwa mbali. Nimeuziwa diski mbovu?

Jibu: Diski yako ni nzima. Ifungue kwenye kompyuta utaona mafolda mawili, AUDIO_TS na VIDEO_TS. MLP imo kwenye la kwanza, na deki ya kawaida ya DVD hailisomi kabisa. Inakwenda moja kwa moja kwenye la pili, lenye DTS. Ndiyo maana menyu unayoiona haina MLP.

Tofauti si ndogo. Chaneli 6 za biti 24 kwa kHz 96 ni biti milioni 13.8 kila sekunde, na DVD-Audio inaruhusu milioni 9.6 tu. MLP inazibana zitoshe bila kupoteza hata moja. DTS ya DVD haizidi takriban milioni 1.5, kwa hiyo lazima itupe sehemu ya sauti.

Tafuta deki yenye nembo ya DVD-Audio, kisha uweke kando waya wa optiko, kwa sababu wenyewe hupitisha PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) ya chaneli mbili, au Dolby Digital na DTS zilizobanwa, basi. Tumia HDMI, toleo la 1.1 linatosha. Kwenye deki weka sauti ya HDMI iwe PCM ya chaneli nyingi. Ukiiacha kwenye chaneli mbili, deki itakunja zote sita ziwe stereo, na wengi hukwama hapo. Ikikubali, risiva itaonyesha chaneli nyingi na 96 kHz. Kama deki ni ya zamani na haina HDMI, unga waya sita za RCA (za analogi, mmoja kwa kila chaneli), lakini umbali wa spika na mgawanyo wa besi upange kwenye deki yenyewe, kwani risiva nyingi haziigusi sauti inayoingia kwa njia hiyo.

Siku ukinunua matoleo ya Blu-ray, kama Close to the Edge ya Yes ya 2013, zima kwanza sauti ya ziada kwenye deki (BD Secondary Audio). Ikiwa imewashwa, deki huichakata sauti upya na kukutolea DTS au Dolby Digital ya kawaida, hata kama umechagua sauti isiyopotea.

Sasa spika za nyuma. Albamu ile ilirekodiwa mwaka 1969 kwa mashine ya treki 8 (njia nane za kurekodi). Treki zikijaa, kadhaa zilimiminwa kwenye moja ili kupata nafasi. Steven Wilson, mwanamuziki aliyefanya miksi hii pamoja na Robert Fripp, mpiga gitaa wa King Crimson, alirudi kwenye tepu za kabla ya kumiminwa, ndiyo maana tabaka za Mellotron (kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye tepu) zinaweza kutenganishwa na kusambazwa chumbani. Spika za nyuma basi hubeba ala kamili, wala si mwangwi tu. Vispika vidogo vya filamu vinaziua. Spika za familia moja na za mbele ndizo zinazofaa.

Ziweke pembeni, nyuma kidogo ya masikio: nyuzi 110 kutoka mbele yako moja kwa moja, na za mbele nyuzi 30. Pima umbali wa kila spika hadi unapokaa, uingize kwenye risiva. Kosa la mita moja huwahisha au huchelewesha sauti kwa karibu milisekunde 3. Cheza sauti ya majaribio ya risiva, usawazishe kila spika iwe dB 75. Programu ya simu inatosha, maana unachotafuta ni usawa kati ya spika, si namba yenyewe. Spika zisizo na besi nzito ziandike Small (ndogo) kwenye menyu ya risiva, ukate kwenye Hz 80 ili sabufa ipokee kilichobaki. Zima hali ya stereo ya chaneli zote, inaharibu mpangilio wa Wilson.

Ukikosa deki, programu ya kompyuta ya kuchezea muziki, foobar2000, yenye kiongezi cha DVD-Audio inasoma MLP na kuigeuza FLAC (faili la sauti lisilopoteza kitu) ya chaneli 6. Kwenye Windows weka HDMI iwe 5.1, biti 24, Hz 96000, kabla hujabonyeza kucheza.