Boti kila wiki mbili, na faida siioni: maswali ya wachuuzi wadogo

*Assalaam alaykum dada. Mie ni mama wa watoto watatu naishi Fuoni, kazi yangu ofisini mjini natoka saa tisa na nusu. Nauza madera kwenye status ya WhatsApp, huu mwaka wa pili. Kila baada ya wiki mbili Jumamosi napanda boti ya saa moja asubuhi naenda Kariakoo ya Dar, nachukua madera 30 kwa 12,000 narudi nayo jioni, nauza 18,000. Hapa Unguja soko la Darajani kwa jumla wananipa 14,000 nikaona ghali. Nauli kwenda na kurudi, bajaji, hamali na chakula inanitoka kama 95,000, halafu mafuta ya vespa kuwapelekea watu majumbani kama 15,000. Wateja ninao alhamdulillah, lakini nimechoka, watoto siwaoni na pesa siioni. Nifanyeje nipunguze muda kipato kisipungue?*
Mama Watatu, Fuoni

Wa alaykum salaam dada'ngu, pole sana na ahsante kwa kuandika hesabu zako zote, maana wengi wananambia tu "biashara haina faida" basi, hapo mtu unamsaidiaje.

Haya tukae tuhesabu. Madera 30 umenunua 360,000 umeuza 540,000, tofauti 180,000, hiyo ndiyo unayoiona wewe kwenye simu ukadhani ndiyo faida. Toa 95,000 ya safari inabaki 85,000, toa na mafuta ya vespa inabaki 70,000. Sasa chukua hao hao wateja 30 wa wiki mbili, madera hayo hayo ungeyanunua Darajani kwa 14,000. Unatoa 420,000, unauza 540,000, tofauti 120,000, toa mafuta 15,000 unabaki na 105,000. Umeona? Dera uliloliita ghali ndilo lenye faida zaidi kwa 35,000, na Jumamosi yako yote umelala kwako na wanao.

Sikwambii Dar usiende. Nakwambia jua ni wakati gani Dar inalipa. Kila dera la Kariakoo linakuokolea 2,000 kuliko la Darajani, na safari inakula 95,000, kwa hivyo mpaka ubebe madera 48 ndiyo safari imejilipa yenyewe, na hapo siku yako bado hujaihesabu. Chini ya 48 usipande boti. Ukienda ubebe 100 au zaidi na uende kabla ya misimu, mathalani Rajabu na Shaabani watu wanajiandaa na Ramadhani na Sikukuu, hapo mzigo hautokulalia. Miezi mingine nunua Darajani kumi kumi, ukipita pale ukitoka kazini ni dakika 20 tu na rangi isiyouzika hujaibeba 30 nzima. Mie nimeona wenzangu wana makabati yamejaa madera ya rangi moja isiyopendwa na mtaji wote umekaa mle ndani, halafu wanatafuta mkopo.

Muda wako mwengine unapotea kwa kupeleka. Mteja wa Bububu dera moja, wa Jang'ombe dera moja, wa Uwanja wa Ndege moja, jioni imekwisha. Weka siku mbili kwa wiki na pahala pamoja, sema Jumatatu na Alhamisi saa kumi mpaka magharibi upo Michenzani, anayetaka aje pale au amtume mtu. Anayetaka apelekewe alipe boda mwenyewe kabla hujatuma. Mwanzo watanuna wawili watatu, wiki ya tatu wameshazoea, kwani wengi wao mjini wanakuja kila siku kwa shughuli zao.

Na hili la tatu dogo lakini ndilo linalokula usiku wako. Hebu fungua simu uone wateja wanauliza nini. Naamini nusu ya ujumbe ni "urefu gani?" na "bei?" na "hilo la kijani lipo?". Jumapili asubuhi kaa mlangoni pale mwanga unapoingia wala usitumie taa maana inabadilisha rangi, mteja akipokea atasema si lile. Tandika dera juu ya mkeka, chukua futi ya fundi pima kutoka begani mpaka chini, ukipata inchi 56 au 58 au 60 iandike kwenye picha yenyewe pamoja na bei na namba, dera la 1, la 2, la 3. Likiuzwa futa picha hapo hapo. Mtu atakwambia tu "nataka la 7" mmemaliza.

Ukishapima, tia mkono ndani ya dera ulinyooshe kuelekea mwangani, hasa kwapani na kwenye mshono wa shingo, matundu madogo yanakaa huko. Halafu rowesha ncha ya pindo usugue na kitambaa cheupe, likitoa rangi mwambie mteja kabla hajanunua alifue peke yake. Dakika mbili kwa kila dera hizo, lakini zinakuokoa na mtu kukurejeshea mzigo baada ya wiki limeshavaliwa arusini.

*Salamu. Mimi kijana wa Pemba nina mtaji wa 300,000. Nimefikiria msimu huu ninunue karafuu kwa wakulima wadogo wanaotaka pesa haraka kisha niuze kwa bei zaidi. Unanishauri vipi?*
Kijana, Wete

Mdogo wangu karafuu usiguse. Mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la serikali lililopo tangu 1968, na anayenunua pembeni kwa wakulima anaitwa mtu wa magendo, mzigo unachukuliwa na kesi juu yake. 300,000 yako usiipeleke huko, na huyo mkulima mwenye shida ya leo ukimnunulia kwa bei ya chini umemdhulumu pia.

Lakini weye upo Wete bwana! Halua ya Wete mtu wa Unguja akiisikia tu anauliza umekuja nayo? Huo ndio mtaji wako. Halua haitaki friji, haiozi upesi, haivunjiki njiani kama mayai wala haisubiri jua kama samaki, na inatakiwa mwaka mzima, arusi, Sikukuu, mgeni kaja, kahawa ya jioni barazani. Zungumza na mpishi mmoja, si wanne, uwe unachukua kwake kila mara ili ladha isibadilike. Mwambie akupakie kwenye makopo ya nusu kilo na kilo moja, maana Unguja mtu wa kawaida hanunui sinia. Na kabla hujapeleka kilo hata moja tafuta maduka mawili au matatu huko Unguja, yawe ya vitafunio au pale wanapouza kahawa, yakubali kupokea. Mwanzo peleka kilo 10 tu kwa mtu unayemjua anayepanda meli, usisafiri mwenyewe, hesabu za dada wa Fuoni hapo juu zinakuhusu na wewe. Iliyobaki ya 300,000 iache, utaihitaji duka litakapochelewa kukulipa, nalo litachelewa.

*Asalam aleykum. Nasoma chuo kikuu cha SUZA, Tunguu, sina mtaji. Napiga picha za manukato na za simu kwenye maduka ya Darajani naziweka status naongeza 10,000, mteja akilipa ndiyo naenda kununua. Juzi mtu kanilipa 160,000 ya simu, nafika dukani imeshauzwa na nyengine bei imepanda. Mteja ananisubiri. Nimwambie nini?*
Mwanafunzi

Mpigie leo, mpigie usimwandikie, mwambie simu imeuzwa na pesa yako hii hapa nairejesha sasa hivi. Ukimwambia "subiri kesho" mara mbili tu jina lako chuoni limekwisha, na wewe bado una miaka ya kusoma pale.

Halafu mwanangu kuna jambo zito kuliko faida. Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu jambo kama lako hili hili, mtu anamjia anataka kitu yeye hana, anamuuzia kisha anakwenda sokoni kukinunua, akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Tazama yaliyokukuta ndiyo utaona kwa nini, umepokea pesa ya mtu kwa kitu ambacho mwenye duka hakukuahidi.

Njia ipo tena ya halali na haitaki mtaji, kuwa dalali waziwazi. Nenda kwa mwenye duka mwambie "mimi nasoma Tunguu, nakuletea wateja, kila simu itakayouzwa kupitia kwangu nipe kiasi fulani", mkubaliane na muandikiane. Mteja analipa kwa mwenye duka moja kwa moja, risiti anapewa ya duka, ikiharibika anarudi dukani si kwako. Kila asubuhi kabla ya kuweka picha muulize mwenye duka kipi kipo, dakika tano tu. Utapata pungufu ya 10,000 pengine, lakini hutokimbizana na daladala Tunguu mpaka Darajani kwa kila simu moja, muda huo utasoma.

*Dada mimi ni mwalimu wa skuli, Makunduchi. Nauza mitandio na manukato kwa walimu wenzangu, wote wanakopa mpaka mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukifika wanalipa nusu. Siwezi kuwakatalia, tunakaa chumba kimoja.*

Nakufahamu vizuri. Mwaka mmoja karibu na Sikukuu nilikopesha madera 14 kwa watu ninaowapenda, 252,000 hiyo, na ya mwisho niliipata Mfunguo Tatu watu washaanza kujitayarisha na Eid Kubwa. Mzigo wa Sikukuu sikuweza kuongeza, wateja wa pesa taslimu wakaja wakakuta sina kitu wakaenda kwa wengine, na hao ndio walioniuma zaidi kuliko wadeni.

Sasa nafanya hivi na bado tunapendana. Anayetaka kulipa kidogo kidogo alipe kidogo kidogo kabla, mtandio nautia kwenye mfuko naandika jina lake naweka pembeni, akimaliza anachukua. Kwa wale usioweza kabisa kuwakatalia, fungua ukurasa mmoja wa daftari upige mistari mitatu, watu watatu tu, na daftari likae juu ya meza hapo chumba cha walimu kila mtu alione. Wa nne akija muoneshe ukurasa, mwambie mstari mmoja ukifutwa, nafasi yako ipo.