Barua za Wachora Ramani: Mgeni Anapoingia na Wewe Haupo

Barua za mwezi huu ni tatu, zote kuhusu ramani ambazo wachezaji wenyewe wanazitengenezea magemu ya mkakati. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Za aina yake hunifikia nyingi, na mimi mwenyewe niliwahi kusimama pale aliposimama huyu kijana.

Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza ramani ya kujihami kwa minara kwenye Warcraft III, kazi ya miezi saba. Ina mawimbi 40 ya maadui, mashujaa 12 na triga (amri zinazojiendesha jambo fulani likitokea) zaidi ya 200. Rafiki zangu wanaipenda, tumekesha nayo mara nyingi. Lakini nikiifungua kwa watu nisiowajua, wimbi la tano halijaisha wameshatoka, na hawasemi sababu. Mmoja tu aliandika "haijaiva". Kila kitu kinafanya kazi. Ni kipi hakijaiva? Nimekuambatanishia faili. — Mjenga Minara

Marahaba kijana wangu. Asante kwa kutuma faili, maana bila hilo ningebaki kubahatisha. Niliicheza ramani yako kabla sijaisoma barua hadi mwisho. Nilifanya hivyo makusudi, niingie kama wanavyoingia hao wanaokukimbia. Nakueleza nilivyoona, kwa mfuatano uleule.

Kwenye orodha, jina la ramani lilikuwa zuri. Mahali pa jina la mtunzi paliandikwa kwamba hajulikani. Kihariri cha Warcraft III, yaani programu ya kutengenezea ramani zake, huipa kila ramani mpya jina la kuanzia, "Ramani nyingine tu ya Warcraft III", na mtunzi asiyejulikana, kikingoja uje uandike yako. Jina ulibadilisha, mtunzi ukamsahau. Mchezaji hajagusa hata kipanya, na tayari ameona kwamba mwenye nyumba hakupita chumba kwa chumba kabla ya kukaribisha watu.

Nikajenga mnara wa barafu. Maelezo yake yanasema unapunguza kasi ya adui kwa asilimia 30. Nikampimia adui muda wa kupita sehemu ileile ya barabara, kwanza bila mnara kisha mnara ukimpiga: kasi imeshuka nusu. Nadhani uliuongezea nguvu siku moja baada ya mchezo mgumu, maandishi ukayaacha yalivyo. Kosa hili linazuilika. Kihariri kinakuruhusu uyaandike maelezo kwa namna ambayo namba inachotwa kwenye uwezo wenyewe, usiijaze kwa mkono. Ukibadilisha uwezo, maandishi yanafuata. Jifunze njia hiyo kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu mchezaji wa mkakati anaishi kwa namba. Ukimdanganya kwa moja, hata bila kukusudia, hizo nyingine zote anaacha kuziamini, na asipoamini namba hana cha kupangia mkakati.

Shujaa wa tatu, uwezo wake wa mwisho: gemu yenyewe ilijitokeza kusema kwamba maelezo hayapo.

Halafu nikafika wimbi la tano, na hapa ndipo penye jibu la barua yako. Nilikuwa na dhahabu ya kutosha minara sita. Nikaiweka yote kwenye shingo ya bonde, mmoja ubavuni mwa mwingine, nikaiziba njia kabisa. Maadui walifika pale wakasimama. Hawakuipiga minara, hawakurudi, hawakutafuta njia nyingine. Minara yangu haikuwa na masafa ya kuwafikia waliobaki nyuma. Wimbi halikuisha, na kwa kuwa triga yako inasubiri adui wa mwisho afe ndipo ilete wimbi linalofuata, mchezo mzima ukasimama pale. Nilikaa dakika nne nikiwatazama. Baada ya hapo na mimi nikatoka, kama wale wengine.

Rafiki zako hawajawahi kuiziba ile shingo, sivyo? Najua kwa nini. Siku ya kwanza uliwaambia, "Hapo msijenge." Wakaelewa, na tangu siku hiyo hakuna aliyejenga. Wamezoea mambo ambayo hayamo kwenye ramani. Yamo kinywani mwako. Nina hakika pia wanajua duka la silaha liko wapi (mimi nilihangaika), na wanajua shujaa wa tatu asichaguliwe. Kwao ramani inafanya kazi kweli, kwa kuwa nusu ya ramani wameibeba vichwani.

Niliwahi kutengeneza ramani ya kulinda ngome juu ya daraja. Miezi mitatu niliimalizia kwenye maporomoko ya maji: povu, ukungu, kokoto moja moja pembeni, na sauti inayoongezeka kamera inaposogea. Nikamwomba mtu asiyeijua aicheze, nikakaa nyuma yake na kalamu, nikijiapiza sitasema neno. Dakika 11 za kwanza alitafuta duka. Nilikuwa nimeliweka nyuma ya mnara mkubwa, kwa kuwa paa lake lilipendeza likichungulia nusu. Mimi nilijua lilipo, kwa hiyo macho yangu yalilikuta kila mara. Yeye alizunguka ngome nzima, akapita maporomoko mara nne bila kuyatazama, na maadui walipofika hakuwa na hata upanga. Dakika 11 za kujiuma ulimi ni ndefu sana. Lakini niliamka pale na kurasa tatu za kasoro ambazo mwaka mzima wa kucheza na watu wangu haukunionyesha hata moja.

Fanya hivyo hivyo. Mtafute mtu mmoja asiyejua lolote, kaa nyuma yake, nyamaza. Akikuuliza, mwambie utamjibu baadaye, kisha liandike swali lake, maana kila swali linakuonyesha mahali ambapo ramani ilipaswa kusema ikanyamaza. Mtu mmoja anatosha kukupa kazi ya wiki mbili. Ukimaliza, tafuta mwingine, kwa sababu yule wa kwanza sasa naye ameshakuwa rafiki.

Kuhusu kuziba njia, waliokutangulia waliamua kwa namna mbili, na zote ni za haki. Wapo wanaoikataza: ukijaribu kuziba, ujenzi unafutwa na dhahabu inarudi, pamoja na ujumbe wa sentensi moja unaoeleza sababu. Wapo wanaoiruhusu kwa gharama: adui akisimama mahali pamoja kwa sekunde kadhaa, triga inamwamuru ashambulie mnara ulio karibu. Mimi napenda ya pili, kwa sababu mchezaji anajifunza kutoka kwenye mchezo wenyewe. Lakini chagua moja uiandike. Halafu jiulize maswali mengine ya namna hiyo. Mchezaji akitoka katikati, minara yake inakuwa ya nani? Kwako inabaki imesimama na hakuna anayeweza kuiuza. Shujaa akifa sekunde ileile wimbi linapoanza, je? Watu wawili wakinunua kifaa kimoja kwa pamoja?

Lipo moja ambalo wageni wako hawajalifikia, kwa kuwa hawakai muda wa kutosha. Dakika ya 40 hivi ramani inaanza kuganda. Nilifungua triga zako nikaona ile inayosogeza mishale ya moto, inayojirudia kila baada ya sekunde 0.03. Kila ikizunguka inaunda "pointi" mpya, yaani alama ya mahali kwenye ramani, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na haiifuti. Warcraft III haikufutii: pointi na kundi la askari ulilolikusanya hubaki pale mpaka uamuru viondolewe. Piga hesabu. Ni takriban mara 33 kwa sekunde, na kwa dakika 40 unafika pointi 80,000 zisizo na kazi. Ihifadhi pointi kwenye kigezo (jina la kuitia baadaye), itumie, kisha iondoe. Ni mistari miwili ya ziada. Hakuna atakayekusifu kwa kuiandika, lakini mchezo wako utafika wimbi la 40.

Ukishayamaliza hayo, pamba. Sipingi mapambo hata kidogo. Miamba yako ina kona za ngazi kwa sababu umetumia genge (mwinuko wima wa mwamba) la kawaida kila mahali; chukua zana ya kuinua na kulainisha ardhi, uvunje ile mistari iliyonyooka, uchanganye nyasi na udongo pale barabara inapokutana na msitu. Ila kumbuka DotA, ile ramani maarufu ya Warcraft III iliyotengenezwa na wachezaji, ilianzaje. Warcraft III ilitoka mwaka 2002. Mchezaji aliyejiita Eul akachukua wazo lililokuwa kwenye ramani ya StarCraft, gemu nyingine ya mkakati, iliyoitwa Aeon of Strife, akaanza kujenga. Wengine wakaendeleza, kazi ikafika kwa Guinsoo, kisha kwa IceFrog. Sura yake ilikuwa miti na askari walewale wa gemu. Kilichokuwa kikibadilika toleo hadi toleo, miaka na miaka, ni namba ya uwezo fulani, maelezo ya kifaa fulani, kasoro inayotokea mashujaa wawili fulani wakikutana. Mwaka 2013 kampuni ya Valve wakatoa Dota 2, na ukiicheza bado unaiona ile ramani ya njia tatu. Mimi huzisoma zile orodha za mabadiliko kama wengine wanavyosoma mashairi.

Kaka, salamu. Nimechora ramani ya watu wawili ya StarCraft. Nusu ya kushoto nimeigeuza kama kwenye kioo nikapata ya kulia, kwa hiyo haiwezekani upande mmoja ukawa na faida. Lakini wanaoanza kulia na Terran (jeshi la binadamu) wananilalamikia kila siku. Je, ni visingizio vya walioshindwa? — Mpenda Haki

Salama ndugu yangu. Hapana, waamini. Kioo kinageuza ardhi, lakini majengo hakiyageuzi.

Kiwanda cha Terran kina kijengo cha nyongeza kinachobandikwa ubavuni, na daima kinabandikwa upande wa kulia. Anayeanza kushoto ana ukingo wa ramani mgongoni na uwazi upande wake wa kulia, hivyo viwanda vyake vinakaa raha. Anayeanza kulia ana ukingo palepale kijengo kinapotakiwa kukaa. Lazima avisogeze viwanda ndani, kuelekea kwa adui, au apoteze nafasi. Gesi, ile mali inayochotwa visimani, nayo ina mambo yake. Kwenye Brood War, nyongeza ya StarCraft, kisima kikikaa upande mmoja wa jengo kuu wafanyakazi watatu wanatosha kukitumia bila kisima kusubiri. Kikikaa upande mwingine unahitaji wanne. Umegeuza kioo, ukahamisha kisima.

Panua kambi ya kulia upande wa ukingo, nafasi ya majengo matatu yenye nyongeza. Visima viweke juu ya jengo kuu kwa wote wawili, hata kama picha haitalingana tena. Lengo ni wapate mchezo sawa, na picha inaweza kupishana kidogo.

Kisha pima magenge yako. Kifaru cha Terran kikijitandaza kinapiga masafa ya 12. Wachezaji wa ramani maarufu ya Lost Temple wanajua machungu ya vifaru vilivyoshushwa juu ya genge linalotazama kambi ya pili. Pale ikawa sehemu ya utamu wa ramani, na kila mmoja alijua cha kutarajia. Kwako genge la kaskazini linaifikia kambi ya pili ya mmoja tu. Hilo ondoa.

Mwalimu, kwenye hadithi yangu ya Age of Empires II nimeficha bonde la siri nyuma ya msitu mzito. Mchezaji anatakiwa alifikie mwishoni kabisa, baada ya kupata ufunguo. Watu wanaingia mapema na hadithi inavurugika. Nifanyeje? — Mwandishi wa Bonde

Wanakata miti, ndugu yangu. Kila mti una mbao 100, na mchezaji anazihitaji mbao hizo hata asipojua kwamba kuna bonde. Msitu wa miti sita kwa unene anautoboa huku akijijengea nyumba. Akiwa na Siege Onager, mtambo wa kurushia mawe, hahitaji hata wakulima. Anaipiga mawe miti na njia inafunguka.

Ukitaka pafungwe kweli, tumia magenge, ambayo hayakatiki wala hayapandiki. Kama magenge yanaharibu sura ya msitu, yaweke safu moja katikati, miti mbele na nyuma. Tena kagua pembe zinapokutana. Tuma askari mmoja aende upande wa pili uone kama atapata upenyo. Siege Onager unaweza pia kumnyima mchezaji kwenye kihariri, pale unapofunga teknolojia.

Lakini nikiwa wewe, ningeacha tundu moja jembamba. Aliyeutoboa msitu kwa shoka dakika ya 20 amefanya jambo la akili, na ramani inapaswa kuonyesha kwamba imemwona. Kata bonde vipande viwili kwa magenge: cha ndani kibaki cha ufunguo, cha nje weka masalia matakatifu na mtawa mzee. Funga triga kwenye mstari wa miti, askari wake wa kwanza akiuvuka, mtawa aseme, "Hukupitia mlangoni. Basi chukua hiki, ila kule ndani bado."